Bi Kinyonga na Mwayo wa Kiboko

Hadithi nagawa!

— Gawa tupokee!

Nigawe ndefu au fupi?

— Gawa tu, tutajipimia!

Na mwenye usingizi?

— Alale, kesho tutamsimulia vibaya!

Haya basi. Mambo haya yalianza siku ya Alhamisi, saa tisa kasorobo alasiri. Si saa tisa, kasorobo. Aliyesema ni Korongo, ambaye husimama kwa mguu mmoja katikati ya Bwawa la Matete akitazama kivuli chake, na kwa habari za saa Korongo hakosei.

Saa hiyo Bi Kinyonga alikuwa akisawazisha udongo juu ya mayai yake. Mayai thelathini na moja. Aliyahesabu alipoyataga, akayahesabu tena alipoyafukia, na sasa alikuwa amesimama pale akijilaumu kwa kutoyahesabu mara ya tatu. Yalikuwa mayai yake ya kwanza na, kwa umri wake, ya mwisho. Aliyafukia kwenye ukingo wa mashariki, ambako udongo ni laini, mchwa hakuna, na jua la asubuhi hupasha bila kuunguza. Kuchagua mahali hapo kulimchukua wiki tatu.

Mara, puu! Maji yakapasuka. Puu! Akatokeza Kiboko, mgongo unachuruzika, miguu pwata, pwata, pwata, mpaka juu ya ukingo.

Kiboko alipenda kuitwa Mheshimiwa. Aliyesahau alikumbushwa kwa kukanyagwa.

"Bibi, sogea," alisema. "Napima njia."

"Njia gani, Mheshimiwa?"

"Njia yangu mpya ya kwendea malishoni. Ile ya zamani ina kona mbili, na tumbo langu halipendi kona. Naanza kupita hapa keshokutwa, Jumamosi."

"Mheshimiwa, hapa pana mayai yangu."

Kiboko akainamisha kichwa, akatazama huku na huku. "Mayai? Mbona siyaoni?"

"Yako chini ya udongo."

"Sasa kama yenyewe yako chini, na mimi napita juu, tunagombania nini?" Akacheka, ho! ho! ho!, akageuka, akajitupa majini: chubwi!

Bi Kinyonga akabaki na udongo wake. Yai la kinyonga likishafukiwa halihamishwi. Ukiligeuza tu, kilichomo kinakufa. Hilo alilijua, na alijua pia uzito wa mguu wa Kiboko, kwa sababu aliwahi kuona alama yake kwenye mwamba.

Akarudi juu ya mkuyu wake. Mguu mbele, tulia, tikisi-tikisi. Mguu mbele, tulia, tikisi-tikisi. Alifika jua linatua.

Sasa niwaambie Bi Kinyonga alikuwa nani. Wako wanaochimba, wako wanaowinda, wako wanaoomba. Yeye alicheza karata. Misimu ishirini na miwili ya kiangazi alicheza karata, na hakuwahi kufanya kazi nyingine. Alifundishwa na Kakakuona mmoja, sasa marehemu, aliyekuwa akicheza huku amejiviringa kama mpira, hata hakuna aliyepata kujua kama amefurahi, amekasirika au amelala.

Karata zenyewe ziliachwa na watu waliokuja kupima barabara wakafukuzwa na nyuki. Zilikuwa hamsini na moja. Tatu ya uru ililiwa na mchwa. Mchezo wao ulikuwa rahisi. Kila mmoja anapewa karata tatu, anazificha, wanawekeana dau. Tatu zinazofanana zinashinda jozi, jozi inashinda zisizofanana, na zisizofanana ndizo garasa. Ukiona karata zako hazifai, unazilaza chini na dau linakwenda. Ukitaka kumjaribu mwenzako unamwambia, "Funua."

Bi Kinyonga alicheza kizamani. Wachezaji wa siku hizi, kina Tumbili, wanacheza mbiombio, wanahesabu kwa vidole vya mikono na vya miguu, na wakishinda mara moja wanasimulia mpaka mate yanawakauka. Bi Kinyonga alifika wa kwanza. Alikagua karata moja moja, mbele na nyuma. Alikaa jua likiwa mgongoni. Akishinda alisema, "Ahsante, samahani." Akishindwa alisema hivyo hivyo.

Lakini, mtaniuliza, kinyonga anachezaje karata na ngozi ile? Hata wanyama waliuliza. Na Bi Kinyonga mwenyewe ndiye aliyewajibu, miaka mingi nyuma, kwa kupitia Mjusi.

"Shoga yangu," alimwambia Mjusi siku moja, "nakuambia wewe tu, na usimwambie mtu. Ngozi hii itanimaliza. Nikipata karata nzuri nakuwa kijani. Nikipata garasa nakuwa mweusi. Siwezi kuizuia."

"Mimi?" alisema Mjusi. "Mimi ni kaburi."

Kabla maji ya uji hayajachemka, bonde zima lilikuwa na habari.

Basi tangu hapo Bi Kinyonga akawa mtu wa kushindwa. Alishindwa panzi wawili kwa Nyegere, akawa mweusi, wote wakaona. Alishindwa senene kwa Ngiri, akawa mweusi, wote wakaona. Mara moja moja alipata karata nzuri, akawa kijani, wote wakalaza karata zao wakicheka. Kumbe rangi zile alizichagua yeye, kama mtu anavyochagua kanga ya kwendea msibani. Na ilipofika siku yenye dau kubwa, aliivaa rangi kinyume. Siku kama hizo zilikuwa tatu tu katika misimu ishirini na miwili. Ya kwanza ilimpa mkuyu, aliomshinda Tumbili. Ya pili ilimpa kivuli cha chini ya mkuyu, alichomshinda Ngiri. Ya tatu ilimpa nzi wa mgongoni mwa Nyati, kila Jumanne na Ijumaa. Na kila aliyepoteza aliona aibu kueleza alipotezaje, kwa hiyo siri ilikaa.

Kiboko naye alicheza karata, ila si kwa ustadi. Alicheza kwa mdomo. Nyegere alikuwa na haki ya kunywa maji upande wa kaskazini. Kiboko akaweka dau kubwa, akapanua mdomo: aaaaah! Nyegere akalaza karata. Ngiri alikuwa na tope lake upande wa kusini. Kiboko akaweka dau kubwa, akapanua mdomo: aaaaah! Ngiri akalaza karata. Tumbili alikuwa na jiwe la kukalia upande wa magharibi. Mdomo: aaaaah! Tumbili akalaza karata, na mkia akausahau pale pale, akaurudia kesho yake. Hivyo bwawa zima likawa la Kiboko. Kisha Kiboko akatunga sheria: atakayeshindwa mbele ya Korongo akabisha, asinywe maji msimu mzima. Sheria nzuri sana, alisema, inalinda wanyonge.

Bi Kinyonga hakuwahi kucheza naye. Kakakuona alimfundisha asikae mbele ya mtu ambaye hajamaliza kumtazama, na kumtazama Kiboko kulichukua misimu tisa. Tawi lake moja lilining'inia juu ya mahali Kiboko alipokaa kucheza, nyuma ya mgongo wake kabisa. Jicho moja la Bi Kinyonga lilikuwa kwenye nzi. La pili lilikuwa kwenye karata za Kiboko. Katika misimu hiyo tisa Kiboko alipanua mdomo mara arobaini na sita. Mara arobaini na tano alikuwa ameshika garasa tupu. Alipokuwa na karata nzuri hakupanua chochote. Alinyamaza, masikio yakizunguka, pru, pru.

Na ile mara moja iliyobaki? Jani lilimziba. Hakuona. Jani la mkuyu wake mwenyewe!

Ijumaa saa nne asubuhi Bi Kinyonga alisimama kwenye tete, karibu na pua ya Kiboko.

"Mheshimiwa, nakuomba tuchezee ile njia."

Pua ikapuliza maji, fyuuu. "Wewe? Na mimi? Una nini cha kuweka, kijiti wewe?"

"Makuyu yote yatakayoanguka msimu huu."

Kiboko akameza mate, na majini yakatokea mawimbi madogo. Makuyu aliyapenda kupita kiasi. Yaliyoangukia majini aliyala, yaliyoangukia nchi kavu aliyaota ndotoni. "Leo saa kumi," alisema. "Mizunguko mitatu ya kupasha mikono. Wa nne ndio wa njia."

Saa tisa Mjusi alikuwa tayari sikioni mwa Kiboko. "Mheshimiwa, mimi si mtu wa maneno, lakini..."

"Najua," alisema Kiboko. "Kijani nzuri, nyeusi garasa. Wewe kaa mahali nikuone. Akiwa kijani tikisa kichwa."

"Mimi kichwa hutikisa muda wote, Mheshimiwa."

"Basi tikisa zaidi."

Saa kumi kamili wanyama walikuwa wamejaa ukingoni, wote wakiwa wamekwepa ule udongo laini bila kuambiwa. Bi Kinyonga alikagua karata hamsini na moja. Kiboko alikoroma kwa kuchoka kusubiri. Korongo akachanga, cha-cha-cha-cha, akagawa kwa mdomo wake mrefu: taf, taf, taf.

Mzunguko wa kwanza Bi Kinyonga akawa kijani kama matete baada ya mvua. Kiboko akalaza karata, akapoteza lundo la nyasi.

Mzunguko wa pili Bi Kinyonga akawa mweusi kama chungu cha harusini. Kiboko akapandisha dau, Bi Kinyonga akalaza karata. Lundo la senene likaenda.

Mzunguko wa tatu mweusi tena. Lundo lingine likaenda.

"Ahsante, samahani," alisema Bi Kinyonga.

"Ngozi kama barua!" Kiboko alimwambia Ngiri. "Naisoma bila miwani."

"Unasoma vizuri, Mheshimiwa," alisema Ngiri, ambaye alikosa kivuli kwa kuisoma barua hiyo hiyo.

"Mzunguko wa nne," Korongo alisema. "Njia ya Mheshimiwa, kwa makuyu ya msimu ya Bi Mkubwa."

Taf. Taf. Taf.

Mpango wa Bi Kinyonga ulikuwa ule ule wa miaka yote. Akipata karata nzuri atakuwa mweusi, Kiboko aingie mzimamzima. Akipata mbaya atakuwa kijani, Kiboko alaze karata, na njia ilale nazo. Akainua ncha za karata zake. Nne ya pau. Nne ya kopa. Saba ya uru. Jozi ya nne: jozi ya watu wasio na jozi.

Basi, kijani. Akawaza matete. Akawaza mvua ya masika. Kijani kikaanza mkiani, kikapanda taratibu, kikafika kiunoni. Ndipo likamjia: je, yalikuwa thelathini na moja, au thelathini? Mbona hakuyahesabu mara ya tatu? Akayaona yote chini ya udongo, meupe, yamekaa moja moja kwenye vijishimo vyao, na mguu unashuka.

Akawa mweusi.

Alijaribu kurudi kwenye kijani. Haikuwezekana. Weusi ulimpanda kuanzia tumboni hadi kwenye kope. Katika misimu ishirini na miwili ilikuwa mara ya kwanza ngozi yake kubadilika bila kumwomba ruhusa.

Mjusi aliacha kutikisa kichwa. Kiboko alitabasamu, na tabasamu la Kiboko ni jambo refu.

"Naongeza dau," alisema. "Mimi naweka bwawa zima, kingo zote nne, maji na tope. Wewe weka mkuyu, na ujiweke wewe mwenyewe. Utaning'olea ruba mgongoni mpaka ufe."

Umati ukaguna: mmmh!

Kisha akapanua mdomo.

Aaaaaaaah!

Mdomo kama pango, meno kama vigogo, harufu ya nyasi za juzi. Nyegere akarudi nyuma hatua tatu. Ngiri, ambaye hakuwa hata anacheza, alilaza mikono chini kwa mazoea.

"Bi Mkubwa," Korongo alisema kwa upole, "ukilaza, unapoteza makuyu ya msimu huu tu. Mkuyu unabaki wako. Na wewe unabaki wako."

Hilo lilikuwa kweli. Angelaza karata, angepanda juu, angekula nzi wa Jumanne na wa Ijumaa, angezeeka vizuri. Kesho asubuhi angefumba macho yote mawili na kusikia pwata, pwata, pwata.

Arobaini na sita, alijiambia. Arobaini na tano nimeziona. Moja imezibwa na jani.

Macho yake kwa kawaida hutazama pande mbili. Sasa yote mawili yakaelekea kwenye masikio ya Kiboko. Masikio yalikuwa yametulia kama uyoga.

"Funua, Mheshimiwa," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Mdomo ukabaki wazi. "Umehehaje?" alisema Kiboko, kwa kuwa ni vigumu kutamka huku umeupanua hivyo.

"Amesema funua," Korongo alisema.

"Amekosea. Mwulize tena."

"Bi Mkubwa?"

"Funua. Ahsante. Samahani."

Kiboko akaufunga mdomo, gwaa! Akatazama mbingu, akamtazama Mjusi, akakohoa. Karata zikageuzwa. Mbili ya shupaza. Sita ya kopa. Tisa ya pau. Garasa, garasa, garasa.

Bi Kinyonga akafunua zake. Wanyama wakaziangalia, wakaziangalia tena.

"Jozi ya nne?" Tumbili alipiga kelele. "Umeingia na jozi ya nne? Mimi kwa jozi ya nne nisingetoka hata nyumbani!"

"Jozi ni jozi," alisema Korongo. "Bwawa ni la Bi Mkubwa."

"Lakini alikuwa mweusi!" Kiboko alinguruma. "Mmemwona nyote, alikuwa mweusi tii! Ngozi yake imesema garasa! Huu ni udanganyifu!"

"Sikudanganya, Mheshimiwa," alisema Bi Kinyonga, na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli. "Nilikuwa naogopa."

"Mwenye hofu hukimbia!"

"Mheshimiwa, lini umemwona kinyonga akikimbia?"

Wanyama wakaangua kicheko, kwanza mmoja, kisha wote, hata Ngiri, aliyetazama nyuma kwanza kuhakikisha ni salama. Kiboko akavuta pumzi ili abishe, na Korongo akamkumbusha ile sheria nzuri inayolinda wanyonge. Msimu mzima bila maji. Kiboko akaitoa ile pumzi bila kuitumia. Akauliza kwa adabu, kwa mara ya kwanza maishani, kama anaweza kuendelea kukaa majini.

"Kaa tu," alisema Bi Kinyonga. "Ila njia ni ile ya zamani. Yenye kona mbili."

Nyegere akarudishiwa kaskazini yake, Ngiri tope lake, Tumbili jiwe lake. Wakamsifu Bi Kinyonga mpaka akaona haya. Naye akapanda juu ya kisiki, akainua mkono mmoja, akaapa mbele yao wote: kuanzia siku ile ameachana na karata. Amezeeka, moyo wake hauwezi tena, sasa ni mama, atakaa nyumbani. Alipokuwa akiapa aligeuka kijani, kijani safi kinachong'aa, na kila mtu akajua anasema kutoka moyoni.

Hapo karata zangu zimekwisha mkononi. Asiyeridhika amfuate Kiboko majini, atamjibu akimaliza kupiga mwayo.

Na funzo, wanangu, ni hili. Kamari haina faida. Mtazameni Bi Kinyonga: misimu ishirini na miwili ya karata, na alipata nini? Mkuyu mmoja, kivuli chake, nzi wa siku mbili kwa wiki, bwawa zima na watoto thelathini na mmoja. Basi. Hakuna kingine. Tena jifunzeni kuficha hofu yenu, maana mwenye kuonyesha hofu hapati kitu. Na muwaheshimu wenye midomo mikubwa, kwa kuwa wanajua wanalosema.

— Na kesho yake asubuhi?

Kesho yake asubuhi ipi?

— Jumamosi! Bi Kinyonga alifanya nini?

Aa. Jumamosi alifukua udongo kidogo kwa ncha ya ukucha, bila kugusa yai hata moja, akayahesabu mara ya tatu. Thelathini na moja. Akafukia. Kisha akashika njia ya juu ya mto, mguu mbele, tulia, tikisi-tikisi, mpaka kwenye ufuko wa Mamba, ambako hakuna aliyemjua. Akawaamkia wote, akaomba nafasi, akakagua karata moja moja, akakaa jua likiwa mgongoni. Akaweka dau la panzi mmoja. Akashindwa.

Akawa mweusi, polepole, ili wote waone.